Kunguni Nyumbani: Namna ya Kuwatafuta Mpaka Uwaone, Hatua kwa Hatua

Swali hunijia kutoka kila pembe ya Zanzibar, kutoka Mwanakwerekwe, kutoka Wete, kutoka Makunduchi, na ni lile lile: "Dawa gani ya kunguni inafanya kazi?" Nami huuliza: umewaona? Hapo huja kimya kidogo, kisha: "Kuwaona sijawaona, lakini tunaumwa." Au: "Nimegeuza godoro lote, sikuona kitu."

Kugeuza godoro si kutafuta. Kuna mtu alitupa godoro zima akanunua jipya. Wiki tatu akalala vizuri, ya nne akaanza kujikuna tena. Godoro lake la zamani halikuwa na kosa lolote. Waliokuwa wakimla walikuwa ndani ya mbao za kitanda, wakasubiri alale tu. Mwingine alipuliza chumba kila Ijumaa kwa miezi miwili, na alichokuwa nacho ni utitiri wa banda la kuku lililoegemea dirisha lake.

Kwa hiyo leo hatuzungumzii dawa. Tunatafuta, mpaka upate ushahidi unaoweza kuuweka kwenye kichupa.

## Vitu vya kuandaa

Viweke vyote pamoja kabla hujaanza. Ukiondoka katikati ya kazi kwenda kutafuta bisibisi, waliokuwa wazi watakuwa wameshajificha.

- Tochi yenye mwanga mkali. Ya simu yatosha kwa godoro, lakini kwenye matundu ya kitanda tochi ya kuvaa kichwani ni bora zaidi, mikono yako inabaki huru.
- Shuka jeupe. Si la maua, jeupe.
- Kadi ngumu ya plastiki iliyokwisha kazi.
- Pamba, na bakuli dogo la maji.
- Selotepu pana.
- Kichupa cha kioo chenye kifuniko.
- Bisibisi na spana zinazofungua kitanda chako.
- Ndoo yenye maji ya moto na sabuni.
- Bakuli nne za plastiki, pana kiasi cha kuingia miguu ya kitanda.
- Daftari na kalamu.

Jitengee saa mbili kwa chumba kimoja, asubuhi, madirisha wazi. Watoto wadogo wakae nje, si kwa hatari yoyote, ila wataburura mito mpaka chumba cha pili na kila kilichomo ndani yake.

## Mjue unayemtafuta

Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 hadi 7. Chukua karafuu kavu, tazama kile kichwa chake cha duara: ukubwa ni huo, na rangi ni ya kahawia kama hiyo. Akiwa na njaa ni bapa, anaweza kupita mahali inapopita ile kadi yako. Akishiba hunenepa, hurefuka na kuwa mwekundu wa damu. Ana miguu sita. Haruki wala harushi mwili kama kiroboto, hutembea tu.

Watoto wa kunguni ndio wanaowapita watu macho. Aliyeanguliwa sasa hivi ana kama milimita 1.5, nusu ya mbegu ya ufuta, na kabla hajanyonya anakaribia kuwa kama kioo: unaona shuka kupitia mwili wake. Hupitia hatua tano za kukua, na katika kila hatua lazima anyonye damu kisha ajivue gamba. Mayai ni meupe, kiasi cha milimita 1, na yamegandishwa kwenye mbao au kitambaa, ukiyapuliza hayaondoki.

Wasikuchanganye hawa. Mtoto wa mende hukimbia mbio na ana papasio ndefu zinazochezacheza. Papasi na kupe wana miguu minane. Utitiri ni vumbi linalotembea, ukiutaka uuone mwili wake itabidi uazime miwani ya babu.

## Hatua ya 1: Usisafishe kwanza

Najua mkono unawasha kukamata ufagio. Uache. Shuka ulilolalia jana lisifuliwe, chumba kisipulizwe dawa, kitanda kisisogezwe.

Sababu ni mbili. Madoa kwenye shuka ndiyo barua waliyokuachia, na ukifua umeichana kabla ya kuisoma. Pili, dawa za kopo za kupuliza hewani huwafukuza waliko na kuwatawanya: waliokuwa kwenye kitanda kimoja unawakuta wiki ijayo nyuma ya fremu ya picha na chumba cha jirani.

Umefanikiwa ikiwa: chumba kiko vile vile ulivyoamka asubuhi.

## Hatua ya 2: Itazame ngozi, lakini usihukumu kwayo

Kunguni hupenda sehemu zilizo wazi usiku: mikono, shingo, mabega, mgongo wa anayelala bila shati. Mara nyingi vipele hujipanga mstari au kundi la vitatu vinne, kwa kuwa mnyonyaji akisumbuliwa hutoka na kuuma tena pembeni.

Ila ngozi ni shahidi dhaifu. Kuna watu hawatoi kipele hata kimoja, na wengine kipele huchelewa siku kadhaa, hata wiki mbili, baada ya kuumwa. Mume amejaa vipele na mke hana hata kimoja, kitanda kimoja, shuka moja: hilo ni la kawaida kabisa, na wala si uchawi.

Angalia pia wanaofanana. Viroboto huuma miguu, vifundoni hasa. Usubi huuma magharibi, zaidi ukiwa barazani au pwani kuliko chumbani. Harara ya kaskazi, msimu wa joto, hujaa kwenye mikunjo inayotoa jasho. Muwasho ulio baina ya vidole, viganja na kiunoni, unaozidi usiku na kupita kwa watu wote wa nyumba, huo unafanana zaidi na upele (ugonjwa wa ngozi unaoambukiza), na upele hutibiwa kituo cha afya, hautafutwi chini ya godoro.

Andika kwenye daftari nani anaumwa, analala wapi, na upande gani wa kitanda. Baadaye utaona faida yake.

Na kwa wanaouliza: haijathibitishwa kuwa kunguni huambukiza watu maradhi, si malaria wala UKIMWI. Anachofanya ni kukunyima usingizi na kukukunisha mpaka ujichubue, na kidonda cha kujikuna ndicho kinachoingia vijidudu.

## Hatua ya 3: Soma shuka na foronya

Washa tochi hata kama ni mchana. Ilaze karibu na shuka ili mwanga uende ubavu. Doa dogo linatoa kivuli.

Tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni doa la damu lililoburuzwa, dogo, jekundu linalogeuka kahawia: ni kunguni aliyeshiba ukamlalia. Hili peke yake halithibitishi kitu, hata mbu hupondwa, hata chunusi hupasuka.

Cha pili ndicho cha maana: vidoa vyeusi mithili ya ncha ya kalamu ya wino. Hiyo ni choo yake, damu iliyokwisha kusagwa. Kwenye kitambaa hupenya na kutanda kidogo ukingoni, kama wino kwenye karatasi mbaya.

Hapa fanya jaribio la pamba. Lowesha pamba, ikamue, iweke juu ya kidoa ukihesabu hadi kumi, kisha ivute kidogo. Ikitoka rangi ya kahawia au ya kutu, umepata choo cha kunguni. Uchafu wa mende ni punje kavu zinazobingirika ukizigusa kwa kadi. Choo cha mjusi ni kirefu na kina kichwa cheupe. Ukungu haubadili pamba kuwa na rangi ya kutu.

Nimeona watu wengi wakiruka jaribio hili kwa kuona ni la kitoto. Ni la sekunde kumi, na ndilo linalotenganisha kujua na kudhani.

Umefanikiwa ikiwa: una pamba yenye rangi ya kutu, au una hakika kuwa kila doa ulilojaribu halikutoa.

## Hatua ya 4: Godoro, kwa mishono yake

Anza mchagoni, yaani upande wa kichwa, pembe ya kulia au kushoto kulingana na anayeumwa zaidi. Kunguni wengi hukaa karibu na kichwa na kifua cha mlalaji, kwa sababu pumzi na joto la mwili ndivyo vinavyowaongoza.

Usitazame uso wa godoro. Ishike ile kamba ya mshono inayozunguka ukingo, iinue kwa kucha, pitisha kadi chini yake polepole na tochi ikifuata. Zunguka godoro zima, juu na chini. Kisha lebo, pande zote mbili. Kisha zipu: ifungue, wapo wanaojipanga kwenye kitambaa kinachofunika meno yake.

Godoro la sufi lina kazi zaidi, maana kila kishikizo kilichoshonwa katikati kinatengeneza kishimo chenye kivuli. Vipitie vyote. Mito ya sufi vivyo hivyo, pindo la ndani ya foronya usilisahau.

Ukiona kitu chepesi, cha rangi ya asali, chenye umbo la kunguni lakini kitupu ndani, hilo ni gamba. Libandike kwa selotepu, kisha selotepu uibandike kwenye daftari na uandike lilipotoka. Aliye hai mtie kichupani.

Godoro likiwa safi kabisa, usishangilie. Ndipo wengi wanapofungua simu na kuniandikia kuwa hawana kunguni.

## Hatua ya 5: Kitanda kifunguliwe

Hapa ndipo watu wanaposhindwa, basi hapa tukae kidogo.

Tandika shuka jeupe sakafuni. Toa chaga, zile mbao zinazobeba godoro, moja moja, usizirushe, na kila moja igonge ncha zote mbili juu ya shuka. Tazama pale ambapo chaga ilikuwa imelalia ubao: mstari huo hauonekani kitanda kikiwa kimefungwa, na joto la mwili wako liko inchi chache juu yake. Ni nyumba nzuri kuliko zote.

Kisha fungua skrubu. Tundu la skrubu ni giza, kavu na jembamba. Kunguni hataki zaidi ya hapo. Mulika ndani. Chokonoa kwa kijiti chenye pamba mbichi na utazame rangi yake.

Kwa kitanda cha kizamani, pa kutazama ni pale mfumbati (ubao wa ubavuni) unapoingia kwenye tendegu (mguu wa kitanda), na pale kitakizo (ubao wa kichwani au miguuni) kinapokutana na vyote viwili. Nilikwenda Kikwajuni kwa bibi mmoja, jirani wa shangazi yangu, mwenye kitanda cha besera (chenye dari yake ya kitambaa juu) cha msaji, matendegu ya kuchongwa. Alikuwa kesha kubadilisha magodoro mawili. Aliponiona na bisibisi akasimama mlangoni.

"Mwanangu, kitanda hichi nimeolewa nacho. Usinivunjie."

"Sivunji bibi, nafungua tu."

Mfumbati ulipochomoka kwenye tendegu la mchagoni, tundu lilikuwa jeusi kama masizi ya chungu cha kupikia kwa kuni. Nikaugonga ubao mara mbili juu ya shuka. Hakikuanguka kitu. Nikagonga tena kwa nguvu: wakaanguka saba, wakubwa kwa wadogo, na wawili wakaanza kulikimbilia pindo la shuka. Bibi hakupiga kelele. Alivua kiatu, akawaponda mmoja mmoja kwa kisigino, halafu akasema, "Na mimi nikimlaumu mjukuu wangu kuwa anaacha mlango wazi mbu wanaingia."

(Usiwaponde. Ile harufu yao haisahauliki, na doa lile halikutoka kwenye shuka langu mpaka leo. Watie kwenye maji ya moto ya sabuni.)

Michongo nayo ina mambo yake. Kila jani na kila ua lililochongwa lina ufa nyuma yake. Pitisha kadi kwenye mifereji yote, hasa upande unaoelekea ukutani. Boriti za juu za besera zitazame pia, na vipande vya kitambaa vilivyopigiliwa misumari huko juu miaka mingi. Watu huona kunguni ni wa chini tu, kumbe hupanda.

Kitanda cha kamba ni kigumu kuliko vyote. Kila pale kamba inapozunguka ubao kuna maficho, na huwezi kuifungua yote kwa uchunguzi tu. Kigeuze juu chini juu ya shuka jeupe, kigonge pande zote kwa mti, kisha mulika mizunguko ya mchagoni kwanza. Vidoa vyeusi kwenye ukili au kamba ya usumba ni shida kuviona, kwa hiyo hapa pamba mbichi ndiyo macho yako.

Kitanda cha chuma kina mabomba. Mdomo wa kila bomba uliokosa kifuniko mulika ndani. Vitanda vya ghorofa vya dakhalia (mabweni ya wanafunzi) nimevikuta vikiwa na kunguni ndani ya mabomba huku magodoro yake hayana hata doa.

Umefanikiwa ikiwa: hakuna kiungo hata kimoja cha kitanda ambacho hujakiona ndani yake. Kama kuna skrubu iliyokataa kufunguka, iandike daftarini, hapo hapajulikani.

## Hatua ya 6: Chandarua

Kikunjue nje, juu ya shuka. Tazama pindo la chini, mshono wa juu unaozunguka, na vitanzi vya kufungia kamba. Kamba zenyewe nazo, na msumari uliopo ukutani: kamba ya chandarua ni njia yao ya kuja kitandani.

Nasikia kila mahali kwamba chandarua chenye dawa "kinaleta" kunguni. Hakileti. Ukweli ni kwamba dawa iliyo kwenye vyandarua ilikuwa ikiwaua zamani, na baada ya muda wakatokea wasiokufa kwayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kutoka kaskazini mashariki mwa Tanzania Bara ulikuta kunguni wa namna hiyo katika vijiji vilivyokuwa vikitumia vyandarua vyenye dawa. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya kopo la dukani lisifanye kitu mbele yao, kwa kuwa dawa zake mara nyingi ni za ukoo mmoja.

Onyo: usiache kulala ndani ya chandarua kwa sababu ya kunguni. Kunguni anakukunisha, mbu anakulaza hospitali.

## Hatua ya 7: Toka kitandani kwenda nje, kidogo kidogo

Wengi wao hukaa ndani ya mita 1.5 hadi 2 kutoka kwa mlalaji. Pima kwa hatua zako, zunguka kitanda.

Mtoto wa meza: vuta droo, ipindue. Kasha: nyuma, chini, na mzunguko wa kila msumari wa shaba. Mapazia: mkunjo wa juu. Picha na saa ya ukutani: zishushe, tazama mgongo. Mkeka na msala: sehemu za pindo na pale ukili ulipounganishwa. Makochi ya ukumbini ikiwa kuna anayelala hapo mchana, na kwa kawaida yupo: ondoa mito, pitisha kadi kwenye mfereji wa nyuma, kisha lipindue utazame kile kitambaa chembamba cha chini.

Nyumba za Mji Mkongwe zina kazi ya ziada. Chokaa ikishaachana na ukuta hutengeneza mfuko nyuma yake, na boriti za dari zina ufa kila pale zinapoingia ukutani. Tafuta michirizi ya vidoa vyeusi ukutani inayoshuka kutoka kwenye ufa. Ukiifuata unafika kwenye mlango wao. Nyumba ya udongo, mulika viunganisho vya miti na udongo.

Soketi na swichi zilizo karibu na kitanda zitazame kwa nje. Ukitaka kufungua, zima umeme kwenye swichi kuu kwanza, au mwachie fundi. Usichokonoe kwa bisibisi, na pamba mbichi isikaribie kabisa.

Ikiwa katika miezi miwili iliyopita umepata wageni wa harusi waliolala sakafuni, umerudi kambi ya karafuu au dago (kambi ya wavuvi), au umenunua kochi la mitumba, anza hatua hii na kitu hicho. Kunguni hatoki kwenye uchafu. Husafiri ndani ya mabegi na samani. Nyumba inayong'ara inaweza kuwa nao na banda lisiwe nao. Nalisema hili kwa sababu aibu huwafanya watu wanyamaze, na nyumba za ukuta mmoja zinazonyamaza huambukizana.

## Hatua ya 8: Waamkie saa ya daku

Kama mpaka hapa huna kitu, wavizie wakiwa kazini. Hutoka zaidi usiku wa manane kuelekea alfajiri, na hunyonya kwa dakika 5 hadi 10 tu kisha hurudi. Saa tisa na nusu hadi saa kumi ni wakati mzuri.

Funga tochi kwa kitambaa chekundu. Mwanga mwekundu hauwashtui kama mweupe. Lala kama kawaida, usijifunike mikono. Kengele ikilia usiwashe taa ya chumba. Mulika kwanza ukingo wa godoro mchagoni, kisha ukuta nyuma ya kichwa, kisha pindo la chandarua kwa ndani, kisha mshono wa mto. Yote ndani ya dakika moja.

Mwezi wa Ramadhani ndio mwezi ninaopata picha nyingi zaidi za kunguni kutoka kwa wasomaji, na sasa unajua kwa nini.

Umefanikiwa ikiwa: mmoja yuko kichupani, au umefanya hivyo usiku tatu tofauti bila kuona kitu.

## Hatua ya 9: Mitego chini ya miguu ya kitanda

Kwa wenye kunguni wachache, huu ndio ushahidi wa mwisho. Uweke hata kama hujapata kitu.

Kila mguu wa kitanda uweke ndani ya bakuli. Kwa nje lizungushie kitambaa au tepu ya karatasi ili apande bila taabu. Ndani tia maji ya sabuni, kina cha vidole viwili. Kunguni wa nchi za joto kama yetu hupanda plastiki laini vizuri kuliko ndugu yake wa nchi za baridi, kwa hiyo bakuli kavu haitoshi: ataingia na atatoka. Mguu wa mbao ukinyonya maji, weka kikopo cha bati ndani ya bakuli na mguu usimame ndani ya kikopo.

Badilisha maji kila baada ya siku mbili, sabuni isikose, usije ukawafugia mbu wa dengi chumbani.

Mtego hauna maana kama kuna daraja jingine. Kitanda kiwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Shuka lisiguse sakafu. Chandarua kichomekwe chini ya godoro. Begi lisiwekwe chini ya uvungu. Wengi huweka bakuli vizuri kisha pazia linalala juu ya mto.

Tazama kila asubuhi kwa siku 14, hesabu, andika ni mguu upi. Mguu mmoja ukikamata zaidi ya mingine, maficho yako upande huo wa chumba.

## Sasa toa hukumu

Aliye hai, au mayai yaliyogandishwa, au vidoa vilivyotoa rangi ya kutu pamoja na magamba: unao. Magamba peke yake, makavu, kwenye kitanda cha kununua mkono wa pili, yanaweza kuwa ya waliokwisha zamani. Weka mitego kabla ya kuamua. Vipele bila kitu kingine chochote baada ya hatua zote tisa: tafuta mbu, utitiri, upele, au sabuni mpya ya kufulia.

Harufu tamu-tamu nzito, inayofanana na kotmiri iliyosagwa na kuachwa, husikika pale walipo wengi sana tu. Usiisubiri.

## Ukishawapata, saa ya kwanza

Usihamie chumba kingine kulala. Watakufuata, au utawabeba, na hapo una vyumba viwili vya kushughulikia.

Usiburute godoro uchi kupita nyumba nzima. Lifunge kwenye nailoni ya mita kwanza.

Kuanika godoro juani uani hakutoshi: huhamia upande wa kivuli na wengine hushuka kwenye nyufa za baraza. Mayai huhitaji zaidi ya saa moja kwenye nyuzi 48 za Selsiasi, na karibu nyuzi 55 ndipo yanapokufa papo hapo. Nguo na mashuka yachemshwe, au yafuliwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 60. Vya kuanika vitie kidogo kidogo ndani ya nailoni nyeusi iliyofungwa kabisa, jua la mchana wa kaskazi, uzigeuze. Jua la kusi lenye mawingu usilitegemee. Viungo vya kitanda cha mbao vimwagie maji yanayochemka taratibu, tundu kwa tundu, na kiache kikauke juani.

Mafuta ya taa na petroli usiyatie kitandani. Chumba chenye mvuke wa petroli na mtu mwenye njiti ya kuwashia ubani ni msiba unaosubiri dakika. Dawa za shambani, na zile za chupa za maji zisizo na maandishi, nazo ziache. Watoto wanalala juu yake. Ikiwa wamezidi, mwone bwana afya wa eneo lako ukiwa na kichupa chako mkononi, na daftari.

Mayai huanguliwa kati ya siku 6 na wiki mbili, kwa hiyo waliosalimika leo wana watoto wiki ijayo. Andika tarehe ya leo, hesabu siku 12, na siku hiyo anza kwa kufungua mfumbati ule ule uliowakuta mara ya kwanza.